Maziwa ya Waliougua

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na binti wa kaka yangu ili niandike mambo matatu tu: nani amezaa, wamezaliwa wangapi, wamekufa wangapi. Nimemwambia nitajitahidi, ila mimi na kalamu hatujasalimiana miaka mingi. Hapa shambani wananiita Mkunga, kwa sababu kazi yangu ni wodi. Hivyo ndivyo tunavyokiita chumba cha nguruwe wanaozaa. Shamba ni la Kaka. Kuna nguruwe majike kumi na sita, dume mmoja mvivu, na sisi watu wanne tunaonuka kiasi kwamba popote tukipanga foleni inapungua yenyewe.

Mvua imeanza leo. Namba Tisa amezaa kumi na wawili, wote hai.

Jumatano, 6 Machi

Binti amerudi nyumbani mwezi uliopita na cheti cha udaktari wa mifugo. Kaka alimsomesha kwa jasho la nguruwe hawa hawa, lakini sasa cheti kimefika hataki kujua kimeandikwa nini. Leo binti amesema malori yasiingie ndani bila magurudumu kuoshwa kwa dawa.

"Mwanangu," Kaka akamwambia, "nguruwe nimewafuga kabla mama yako hajafikiria kukuzaa."

Tukacheka. Nami nilicheka. Naandika hilo kwa sababu niliona alivyonitazama.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Lori la machinjio limekwama langoni. Kaka ameliambia lipite hadi kwenye mabanda, na matope yake yote. Namba Kumi amezaa tisa.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Hakuna cha kuandika.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi nimekuta watoto wa Namba Tisa wamempanda mama yao mgongoni, wamejilaza kama nguo mbichi. Mtoto mzima hulala chini ya taa ya joto. Akimpanda mama, ujue anatafuta joto asilolipata ndani ya mwili wake mwenyewe. Walikuwa wanatapika maziwa, na sakafu ilikuwa na maji ya manjano ambayo sikuyaelewa mpaka nilipoona yanatoka wapi.

Nimewapa maji yenye chumvi na sukari kwa bomba la sindano, mmoja mmoja. Wanakunywa kwa kiu ya kutisha, kisha yote yanatoka.

Kaka amesema ni baridi. Kimya, kijana wa kulisha tuliyempa jina hilo kwa sababu hanyamazi, leo alinyamaza. Binti alivaa glavu, akachukua uchafu kwenye vichupa, akaondoka kwenda maabara bila kunywa chai.

Ijumaa, 15 Machi

Waliokufa wa Namba Tisa: kumi na wawili. Wa Namba Kumi: saba mpaka jioni.

Mama zao walikataa chakula siku mbili, wakaharisha, leo wanakula tena kama hakuna lililotokea. Hilo ndilo linalonikera. Mama anapona, anajilaza, anaita watoto wanyonye, na hakuna anayekuja.

Jumatatu, 18 Machi

Majibu ya maabara yametoka. Ni virusi vya utumbo. Dawa ya kuviua hakuna. Nguruwe mkubwa huumwa siku chache akapona. Mtoto wa chini ya wiki mbili karibu kila mara hufa.

Tulikaa mezani kwa Kaka, na Shemeji akiwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. Binti alisema majike watano waliozaa au watakaozaa wiki hii watoto wao hatuwezi kuwaokoa. Lakini wapo tisa watakaozaa mwezi wa nne. Hao bado hawajaugua. Wakikutana na virusi siku ya kuzaa, watoto watakufa wote. Wakiugua sasa, wakapona, wakakaa wiki tatu, maziwa yao yatakuwa na kinga.

"Sasa wataugua vipi kwa wakati unaoutaka wewe?" Kaka akauliza.

"Tunachukua mavi ya watoto wagonjwa, tunayachanganya na chakula, tunawapa mara moja."

Nilisikia mvua kwenye bati. Kaka alisimama polepole, akashika meza kwa mikono yote miwili.

"Nimekusomesha miaka sita," akasema, "ili uje kuwalisha nguruwe wangu mavi?"

"Baba, nisikilize—"

"Wazima! Wenye mimba! Hata mchawi angeona haya."

Binti alikusanya karatasi zake. Nilikubaliana na Kaka.

Jumanne, 19 Machi

Leo binti alinikuta wodini nikitoa maiti za watoto wa Namba Tatu, kumi na mmoja, wa siku mbili tu. Akashika ndoo upande wa pili bila kuombwa. Tulipomaliza kumwaga chokaa kwenye shimo, nilimwambia anieleze, lakini anieleze kama anavyomweleza mtu aliyeishia darasa la saba.

Akachukua taulo langu la kunawia. "Utumbo wa mtoto ndani yake uko hivi, baba mdogo. Una nyuzi nyingi zimesimama. Hizo nyuzi ndizo zinazonyonya maziwa." Akapitisha kiganja juu yake. "Virusi vinaingia kwenye nyuzi na kuzinyoa. Taulo linabaki kipara. Maziwa yanaingia, yanapita, yanatoka. Mtoto anakufa kwa njaa na kiu huku tumbo limejaa."

"Na mwili wake hauna walinzi?"

"Anazaliwa hana hata mmoja. Wewe ulipozaliwa, kinga ya bibi, mama yako, ilikuwa imeshapita kwenye kondo ikaingia kwenye damu yako. Kondo la nguruwe lina kuta nene, halipitishi. Kwa hiyo mtoto anazaliwa mtupu, na kinga yake yote iko kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano. Asiponyonya siku ile ile, mlango unafungwa."

Hilo la dang'a nilikuwa nalijua kwa mikono, si kwa maneno. Miaka ishirini nawasukuma wale dhaifu kwenye chuchu saa ya kwanza, nikijua tu kwamba asiyenyonya mapema hakui.

"Basi hawa walinyonya," nikasema. "Nilihakikisha mwenyewe."

"Walinyonya kinga ya magonjwa ambayo mama zao wanayajua. Huu hawakuujua. Mama akishaumwa tumboni, mwili wake unatengeneza askari wa ugonjwa ule ule. Wanatoka kwenye utumbo, wanasafiri kwa damu, wanakwenda kukaa kwenye matiti. Pale wanatengeneza kingamwili, na kila mtoto anaponyonya, anapakwa dawa upya ndani ya utumbo. Kila baada ya saa moja, mchana na usiku. Sisi na mabomba yetu ya sindano tutaweza lini kazi hiyo?"

"Inachukua muda gani?"

"Wiki tatu. Zikiwa pungufu, askari hawajafika."

Namba Sita anazaa tarehe kumi na nne Aprili. Nguruwe hubeba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na mimi tarehe zao nazijua kuliko siku za kuzaliwa za wanangu. Nimehesabu kwa vidole mara mbili.

Alhamisi, 21 Machi

Nimefanya.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla Kimya hajafika. Nilichota kutoka chini ya watoto wa mwisho wa Namba Kumi na Moja, nikakoroga kwenye ndoo ya pumba na maji ya vuguvugu. Kila mara nilitazama mlangoni kama mwizi. Nikapita banda la wajawazito, kopo moja kila mmoja, wote tisa. Yule mkubwa tunayemwita Bibi Harusi, kwa jinsi anavyotembea kwa maringo, alikula akalamba chombo kisha akanitazama kama anataka tena.

Sijamwambia mtu. Kaka angekataa. Binti nimeona nimwepushie lawama.

Ijumaa, 22 Machi

Wanakula vizuri. Sijalala.

Jumapili, 24 Machi

Saba kati ya tisa wamekataa chakula. Wanaharisha. Kaka alikuja bandani na koti la mvua juu ya nguo za kulalia. Akasimama katikati, akageuka taratibu akiwatazama mmoja baada ya mwingine, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua.

Kisha akaenda nyumbani. Nilimsikia kutoka huku. Alimwambia binti kwamba ameua shamba la baba yake kwa kiburi cha shule. Binti akasema, "Baba, sijafanya." Alisema mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa ndogo sana.

Nilikuwa nimeshika ndoo. Nikaendelea kuishika.

Jumatatu, 25 Machi

Mficha uchi hazai. Leo asubuhi nimekwenda kwa Kaka, nikamkuta anakunywa chai peke yake. Shemeji alikuwa chumbani kwa binti, na begi la binti lilikuwa kitandani likiwa wazi.

"Kaka, ni mimi," nikasema. "Yeye hakujua. Nilichota mwenyewe, nikawapa mwenyewe."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Wewe? Tangu lini?"

"Alhamisi alfajiri."

"Na jana uliponisikia namtukana mwanangu?"

Akasema niondoke mbele yake, wodini nibaki kwa sababu hana mwingine, lakini nisimsemeshe.

Nilidhani binti atanishukuru. Alinifuata nje kwenye mvua bila mwavuli, macho mekundu.

"Baba mdogo, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka kukuepushia—"

"Uliwapa wote tisa?"

"Wote."

"Namba Kumi na Tano ana kikohozi tangu wiki jana, hakupaswa kupewa. Na Bibi Harusi anazaa tarehe tatu! Wiki mbili hazijafika. Huyo ningemtenga kabisa, mbali, na mtu wake na buti zake. Ungeniuliza tu. Baba ananiona mtoto, na wewe pia. Yeye anakataa kunisikia, wewe unachukua maneno yangu unakwenda kuyafanya bila mimi. Tofauti yenu iko wapi?"

Nimekuwa nikiliwaza swali hilo mchana kutwa. Nilijiona mwema kuliko Kaka.

Jumanne, 26 Machi

Namba Kumi na Tano ameharibu mimba. Walikuwa kumi. Nimewazika mimi. Hili ni langu, na nimeliandika ili lisihamie kwa mtu mwingine.

Begi la binti halijaondoka. Amekuja bandani akapima joto la wote, akanipa maagizo bila kunitazama. Nimeyafuata yote.

Alhamisi, 28 Machi

Wanane waliobaki na mimba wote wanakula. Mvua.

Jumamosi, 30 Machi

Kaka hanisemeshi. Anamtuma Kimya: "Mwambie huyo taa ya tatu imeungua." Nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Kimya ananigeukia, anasema, "Unaambiwa taa ya tatu imeungua." Namjibu Kimya, Kimya anamjibu Kaka. Kimya hajawahi kuwa na wiki nzuri kama hii.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua kubwa. Shimo la chokaa limejaa maji, nikaenda na koleo kuchimba mfereji. Nimemkuta Kaka yuko pale tayari, ameinama, matope mpaka magotini, anachimba. Hakunifukuza. Tukachimba wote mpaka maji yakaanza kuondoka.

Kisha akasema, akiwa amenipa mgongo, "Lori lile nililiingiza mimi."

"Mvua ilikuwa kubwa, Kaka."

"Aliniambia. Siku mbili kabla, aliniambia mezani kwangu, nikamcheka." Akachomeka koleo ardhini. "Kila nikimtazama naona lile lori. Ndiyo maana siwezi kumtazama."

Siku zote nimemjua Kaka kama mtu mgumu. Leo nimefikiri kwamba huenda ni mtu anayeona haya, na haya yake haina mlango wa kutokea ila hasira. Nilimwambia nami nilicheka siku ile. Akatikisa kichwa, akachukua koleo lake akaenda.

Jumatano, 3 Aprili

Bibi Harusi amezaa kumi na mmoja, wazuri, weupe kama sabuni mpya. Siku kumi na tatu tangu nimpe lile kopo. Binti alikaa nami. Tulihakikisha kila mmoja amenyonya dang'a, tukawafunika, tukawasha taa mbili.

Ijumaa, 5 Aprili

Wameanza kuharisha.

Jumatatu, 8 Aprili

Wanane wamekufa. Watatu wamebaki, wakondefu, masikio makubwa kuliko mashavu, lakini wananyonya. Binti anasema askari walikuwa wameanza kufika, wachache, wamechelewa. "Namba Tisa hakubakiza hata mmoja," akasema. "Watatu si bahati tu."

Nilimwomba radhi leo. Nilisema sababu ya kweli, kwamba nilipenda niwe mimi niliyeokoa shamba. Alikuwa anaosha buti. Akaniambia nimshikie mpira wa maji. Nikaushika.

Alhamisi, 11 Aprili

Hakuna kitu. Kila mtu, ila Kaka, anapita wodini akijifanya amesahau kitu.

Jumapili, 14 Aprili

Namba Sita amezaa mchana, kati ya saa saba na saa tisa. Kumi. Wa nane alitoka na utando puani. Nimemfuta, nimemsugua mgongo kwa taulo mpaka akapiga kelele.

Jumatatu, 15 Aprili

Wananyonya. Namba Kumi na Mbili amezaa tisa.

Jumanne, 16 Aprili

Nimepiga magoti nyuma ya kila mtoto na tochi kama askari wa forodha. Sakafu kavu. Namba Nne amezaa kumi na watatu, mmoja alizaliwa amekufa.

Jumatano, 17 Aprili

Leo mmoja wa Namba Sita ameharisha. Nilipoona ile rangi ya manjano, nilikaa chini kwenye majimaji. Nikamtuma Kimya amwite binti. Akaja mbio, na nyuma yake Kaka, ambaye hakuwa ameingia wodini tangu mwezi uliopita.

Binti akamshika mtoto, akamgeuza, akambonyeza tumbo, akamnusa. Kaka akasimama mlangoni.

"Ni ule?" Kaka akauliza. Aliuliza yeye mwenyewe, bila kumpitia Kimya.

"Ni ule ule, baba. Virusi bado vimo humu ndani, kwenye nyufa, kwenye buti, kila mahali. Hatujavifukuza." Akamrudisha mtoto kwenye chuchu. "Sasa tutaona kama maziwa yanatosha."

Mtoto alinyonya. Kaka akageuza ndoo, akaikalia. Kila saa Namba Sita aliwaita wanawe kwa ile sauti ya chini ya kunguruma, nao wakajipanga, na yule mgonjwa kila mara alikuwa wa mwisho, na kila mara alifika. Shemeji alituletea chakula, tukala pale pale kwa zamu.

Alipomaliza kula Kaka akasema, "Nielezee hayo maziwa. Tangu mwanzo. Usiharakishe."

Binti akamwelezea: kondo, dang'a, utumbo, safari ya askari mpaka kwenye titi. Kaka alimkatiza mara moja tu, kuuliza askari wanaijuaje njia. "Hata wanaosoma zaidi yangu bado wanalichunguza hilo," binti akajibu. Kaka akaguna. Nafikiri jibu hilo lilimridhisha kuliko mengine yote.

Alhamisi, 18 Aprili

Amepona. Amelala chini ya taa, tumbo limejaa, kavu.

Jumatatu, 29 Aprili

Majike saba wamezaa tangu tarehe kumi na nne. Wamezaliwa hai sabini na mmoja. Wamekufa wanne: wawili walilaliwa na mama zao, mmoja alizaliwa dhaifu, mmoja wa kuharisha. Hayo ndiyo mambo matatu niliyoagizwa kuandika.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua imepungua. Jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, mama mmoja mjane mwenye majike sita, amekuja leo na kusimama barabarani, mbali na lango. Hakutaka kusogea. Alikuwa amevaa viatu vya nyumbani na pindo la gauni lake lilikuwa na tope.

"Wanangu wanatapika maziwa," akaita kutoka kule. Alimaanisha watoto wa nguruwe wake. "Wa jana wote wamekwisha. Nimesikia kwenu wamepona. Mzee, wewe umewapa nini?"

Kaka alikuwa anatengeneza bawaba ya lango. Akanyanyuka, akajifuta mikono.

"Mimi sikuwapa kitu," akasema. "Mimi nilikataa. Subiri, namwita anayejua."

Binti akatoka. Akamuuliza yule mama maswali yake kwa sauti, barabara ikiwa katikati yao: wangapi wana mimba, wanazaa lini, nani anakohoa. Mama akajibu akilia. Binti akaingia ndani, akavaa buti safi, akachukua begi lake na ndoo ya dawa. Ndoo ilikuwa nzito, akayumba nayo.

Kaka akamnyang'anya. Binti akamwambia hawezi kwenda na viatu hivyo. Kaka, mzee wa miaka sitini na moja mbele ya lango lake mwenyewe, akakaa chini barabarani, akavua viatu, akavaa alivyopewa, vilivyombana, akasimama. Wakateremka bondeni, binti mbele, yeye nyuma na ndoo yake, akikanyaga pale tu alipoambiwa akanyage.